Hivi ni kweli mkono wa mgonjwa wa kiharusi ukipita miezi sita haujarudi ndiyo basi tena?

#1 Kisiki cha Mvule
Wakuu, habari za muda huu.

Mama mkwe wangu alianguka bafuni mwaka jana katikati ya Ramadhani, kumbe presha ilikuwa juu, ikawa kiharusi upande wa kulia. Tunamshukuru Mungu mguu umerudi, anakwenda na mkongojo mpaka kwa jirani kusikiliza umbea. Mkono ndio umegoma. Kiwiko kimekunjika, vidole vimejifumba ngumi, kumkata kucha ni vita.

Wiki iliyopita tulimpeleka mazoezi, mahali sitapataja. Kijana wa zamu akatuambia kwa upole kabisa: miezi sita imeshapita, kilichorudi ndicho hicho, sasa angalieni asianguke. Mke wangu alilia kwenye daladala mpaka tunashuka.

Swali: hiyo miezi sita imetoka wapi? Ubongo una kalenda? Mwenye kujua kwa utafiti anisaidie. Na waliouguza pia waseme.

#2 Chuma Ulete
Natandika mkeka hapa nisubiri wataalamu. Ila "ubongo una kalenda" nitaiiba.

#3 Dada wa Mbagala
Pole sana mkuu. Baba yangu aliambiwa maneno hayohayo. Mwaka wa pili ndipo alipoanza kushika kikombe, na leo anamenya chungwa mwenyewe. Analimenya vibaya, linabaki na mabaka, lakini halimenyewi na mtu. Hatukufanya maajabu: tulimchua kwa mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, na dua.

#4 Fizio wa Kilosa
Nipo kwenye fani. Huyo kijana hakudanganya, ila amesema nusu.

Hiyo kalenda ilianzia kwenye tafiti za kufuatilia wagonjwa. Unaotajwa zaidi ni wa Copenhagen: wagonjwa 1,197, matokeo yakachapishwa 1995. Waliona asilimia 95 ya wagonjwa walifikia kilele chao cha kujihudumia ndani ya wiki 13 hivi. Mwenye kiharusi chepesi alifika mapema, mwenye kizito akachelewa. Mahali pengi watu wakajumlisha wakasema miezi mitatu, wengine wakaongeza hadi sita ili kuwa salama, ikawa sheria ya wodini.

Lakini angalia walichopima. Walipima kujihudumia: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni. Mtu anaweza kuvaa shati kwa mkono mmoja akapata alama zake kamili, mkono wa pili ukiwa umelala. Isitoshe walirekodi wagonjwa walifika wapi kwa huduma waliyoipata wakati ule. Ukisitisha mazoezi halafu ukaandika "maendeleo yamesimama", umepima mgonjwa au umepima bajeti ya hospitali?

Dada #3, mafuta hayana neno, ila kuchua peke yake sijaona kunakorudisha mkono.

#5 Dada wa Mbagala
Wewe hujaona. Mimi nimeona.

#6 Mjukuu wa Mangi
Naunga mkono #4, niongeze kitu kinachomhusu mama mkwe moja kwa moja.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub. Alikuwa anawakata kima mishipa inayoleta hisia kutoka mkono mmoja. Misuli ilikuwa haijaguswa, lakini kima hakuutumia tena ule mkono. Akiufunga ule mzima, kima anaanza kuutumia uliolala. Hitimisho lake: sehemu ya kupooza ni mazoea. Siku za mwanzo mgonjwa anajaribu, anashindwa, anaangusha kikombe, anaaibika, anahamia mkono mzima. Baadaye ubongo ukishapata nafuu, mazoea yanabaki. Mkono umejifunza kukaa bure.

Mwaka 1981 maabara yake huko Silver Spring, Maryland, ilivamiwa na polisi baada ya wanaharakati kulalamikia hali ya wale kima. Kesi ikavuma Marekani nzima. Baadaye akahamia Alabama, Birmingham, akageuza ile kanuni kuwa tiba ya binadamu.

Ndiyo maana siamini kalenda. Daraja likisombwa, watu hawakai ng'ambo milele, wanatafuta mtumbwi. Ila asiyelazimika kuvuka hataujua mtumbwi.

#7 Chuma Ulete
Mkuu Mangi, kwa hiyo dawa ni kumfunga mama mkwe mkono mzima? Kisiki, jaribu uone. Wewe ndiye utakayetafuta mtumbwi wa kurudi kwenu.

#8 Fizio wa Kilosa
😂 Hafungwi kamba. Anavishwa glavu nene mkono mzima asiweze kushikia kitu, karibu muda wote akiwa macho, kwa wiki mbili, huku ule dhaifu unafanyishwa kazi saa nyingi kila siku. Jaribio kubwa la Marekani lilitoka 2006, wagonjwa 222 waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi. Waliopata tiba hiyo waliwapita wenzao, na mwaka mmoja baadaye bado tofauti ilionekana.

Sasa sharti ambalo watu wa mitandaoni hawalisemi: lazima mkono uwe na uhai kidogo. Aweze kuinua kifundo na kufungua vidole angalau digrii 10 hivi. Ngumi iliyofumba kabisa haikuingizwa kwenye jaribio. Ukimvisha glavu mtu wa namna hiyo umemnyang'anya mkono wa pili, atashinda na njaa.

Kisiki, vidole vinafunguka hata kidogo?

#9 Kisiki cha Mvule
Asanteni wote. Akiambiwa afungue, hapana. Dole gumba linatikisika basi.

Lakini kuna jambo linatuchanganya. Akipiga mwayo, mkono unanyanyuka wenyewe! Unapanda mpaka usawa wa kifua, vidole vinalegea, mwayo ukiisha unashuka. Akitaka kuunyanyua kwa hiari yake, hauendi. Majirani wameanza kusema lao.

#10 Shangazi Bungo
Wanangu, majirani wana macho. Kwetu Tanga hilo halina mjadala, huo ni upepo. Mkono unaonyanyuka bila mwenyewe kutaka, nani ananyanyua? Huyo mama atengenezwe kwanza, mazoezi yatafuata.

#11 Mjukuu wa Mangi
Shikamoo shangazi. Kwa heshima zote, hili la mwayo linajulikana kwa madaktari siku nyingi na lina jina refu la Kilatini. Amri ya hiari inatoka juu kwenye gamba la ubongo, na njia yake ndiyo iliyokatika. Mwayo unaendeshwa kutoka shina la ubongo, chini huko, kwa njia za zamani ambazo hazikuguswa. Ndiyo maana hata aliyepooza uso upande mmoja akichekeshwa kweli unaweza kuona mdomo unakaa sawa, ukimwambia "tabasamu nikupige picha" unapinda.

Na kama kiharusi ni kutupiwa, basi Dar es Salaam wanatupiana sana. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar 316. Wenyewe walitaja presha isiyotibiwa.

#12 Shangazi Bungo
Marahaba. Na hilo shina la ubongo nani kaliumba? Sikusema asiende hospitali, nimesema atengenezwe kwanza. Na Dar kutupiana ni kweli, hamjui mnayoyaishi.

#13 Chuma Ulete
Shangazi 1, Kilatini 0.

#14 Jaluo wa Milimani
Sasa wadau. Niko Kisumu, nimeuguza mzae wangu, nikaanza kusoma haya mambo usiku badala ya kulala.

Kwangu shida si kalenda, ni dozi. Kuna watafiti wa Marekani walikaa kwenye vyumba vya mazoezi wakihesabu. Matokeo ya 2009: mgonjwa anayefanyishwa kazi za mkono zenye maana, kushika, kufikia, kuweka, alirudia wastani wa mara 32 tu kwa kipindi. Panya na kima wa maabara, ambao tafiti zao ndizo tunazozinukuu tukisema ubongo unajipanga upya, hurudia mara mamia kwa siku. Unampa mtu kijiko cha dawa inayotakiwa chupa nzima, halafu unasema dawa haifanyi kazi?

London, hospitali ya Queen Square, wana mpango wa mkono: saa 90 ndani ya wiki tatu. Walitoa taarifa 2019 ya wagonjwa 224, nusu yao wakiwa wamepita mwaka mmoja na nusu tangu kiharusi. Wakaongezeka, na miezi sita baadaye hawakurudi nyuma. Kisiki, mama mkwe wako kwa hesabu hizo ni mgeni bado.

#15 Fizio wa Kilosa
Jaluo umesoma vizuri, ila malizia. Taarifa ya Queen Square haikuwa na kundi la kulinganisha. Hatujui wale 224 wangekuwaje bila mpango, na ni watu waliochaguliwa, wenye nguvu ya kustahimili saa 90.

Halafu kikundi kilekile cha kuhesabu marudio kilijaribu dozi yenyewe, matokeo yakatoka 2016. Watu 85 wenye kiharusi cha zamani, wakagawanywa: marudio 3,200, 6,400, 9,600, na kundi la kuendelea mpaka maendeleo yasimame. Waliofanya mengi hawakuwapita waliofanya machache. Kwa hiyo "ongeza dozi" nayo ni imani, tuseme ukweli.

#16 Jaluo wa Milimani
Mara 9,600 bado ni chache ukilinganisha na mtoto anayejifunza kushika kijiko. Na wote waliongezeka kidogo, wakiwa na kiharusi cha zamani. Hilo umeliruka.

#17 Fizio wa Kilosa
Kidogo sana. Sijaliruka, nimelivuka.

#18 Kitabu Wazi
Nimesoma kimya, naona kila mtu anapiga kalenda mateke. Kalenda ipo jamani.

Panya waliopewa kiharusi maabara na kuanzishiwa mazoezi siku ya tano walipata nafuu kubwa. Walioanzishiwa siku ya 30, karibu hakuna. Hiyo ni 2004. Mkasema panya si mtu, haya, Washington DC wakafanya kwa watu, ikachapishwa 2021. Wagonjwa 72, saa 20 za ziada za mazoezi ya mkono, kila mtu akichagua kazi anayoitaka mwenyewe. Tofauti ni lini walizipata. Waliopewa mwezi wa pili hadi wa tatu waliongezeka karibu alama 7 kwenye kipimo cha alama 57, zaidi ya waliokosa. Waliopewa ndani ya siku 30 waliongezeka kiasi. Waliopewa baada ya miezi sita, tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Kuna muda ubongo uliojeruhiwa unakuwa laini, unapokea. Huo muda unafunga.

#19 Kisiki cha Mvule
Mkuu Kitabu, mwezi wa pili na wa tatu sisi tulikuwa tumemlaza nyumbani tunasubiri tarehe ya kliniki. Sijui nikushukuru au nikulaani.

#20 Mjukuu wa Mangi
Watu 72 kugawa makundi manne, ni wachache kufunga mlango wa mama wa mtu. Na saa 20 ni ndogo. Walichoonyesha ni kwamba saa 20 ukizitoa mapema zina faida zaidi. Hawakuonyesha kwamba saa 200 baadaye hazina.

#21 Dada wa Mbagala
Sasa mbona sisi tulimsimamisha baba siku ileile, nesi mmoja akatugombeza? Kama mapema ni bora, kosa liko wapi?

#22 Kitabu Wazi
Nesi alikuwa sahihi. Kuna jaribio la nchi tano, Australia ikiongoza, wagonjwa 2,104, matokeo 2015. Kundi moja liliamshwa ndani ya saa 24 na kutembezwa mara nyingi zaidi, lingine huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu walio katika hali nzuri walikuwa asilimia 46 kwa walioharakishwa, asilimia 50 kwa wa kawaida. Kila mtu alitegemea kinyume chake. Walipochambua zaidi wakaona vipindi vifupi vya mara kwa mara vilikuwa bora kuliko virefu. Kumwinua akae kitako muda mfupi ni jambo moja, kumburuta kolidoni siku ya kwanza ni jingine.

#23 Chuma Ulete
Yaani mapema sana vibaya, baadaye sana vibaya, zaidi si lazima bora, na mafuta ya nyonyo hayatambuliki. Sayansi mnatuchosha.

#24 Mzee wa Dili
Wakuu, mnabishana bure. Ninazo glavu za roboti za kufungua na kufumba vidole zenyewe, mgonjwa anakaa tu. Zinatumika Ulaya. Njoo inboksi, bei maelewano.

#25 Fizio wa Kilosa
"Mgonjwa anakaa tu" ndiyo shida yenyewe. Uingereza walijaribu roboti za mkono kwa wagonjwa 770, matokeo 2019. Hazikuwapa faida kuliko huduma ya kawaida katika kutumia mkono. Na zile zilikuwa mashine za hospitali za bei mbaya, si glavu ya betri.

#26 Mzee wa Dili
Roboti zao si zangu.

#27 Chuma Ulete
🤣🤣 Hilo jibu walipe kodi.

#28 Jaluo wa Milimani
Kwa mashine, mwingine wa kukumbuka ni 2011 Marekani, watu 408. Kundi moja lilitembezwa kwenye mashine ya kukimbilia huku wamening'inizwa na mikanda kupunguza uzito. Lingine lilifuatwa nyumbani na mtaalamu, mazoezi ya nguvu na kusimama bila kuyumba, hakuna mashine. Baada ya mwaka, sawasawa: karibu nusu ya wote wamepanda daraja la kutembea. Na mojawapo ya makundi ya mashine lilianza miezi sita baada ya kiharusi, nalo likapanda. Kitabu Wazi, hiyo umeisoma?

#29 Kitabu Wazi
Nimeisoma. Kutembea si mkono. Mguu una njia nyingi mpaka chini kwenye uti wa mgongo, kidole kinategemea njia moja nyembamba. Ndiyo maana mama mkwe wa Kisiki anatembea na hafungui kiganja. Wengi ndivyo.

#30 Mama Kulwa
Habari zenu. Mimi nauliza la dawa. Jirani yetu alipewa vidonge vya msongo wa mawazo akaambiwa vitamrudishia mkono. Ni kweli?

#31 Mjukuu wa Mangi
Ilikuwa matumaini makubwa. Ufaransa 2011, watu 118, waliomeza fluoxetine, mojawapo ya vidonge hivyo, walipata nafuu zaidi ya mkono na mguu. Dunia ikashangilia, madaktari wakaanza kuandika. Kisha Uingereza wakarudia kwa watu 3,127, vidonge miezi sita: hakuna tofauti ya kujihudumia. Huzuni ilipungua, lakini waliovunjika mifupa wakaongezeka karibu maradufu. Majaribio mengine mawili makubwa, 2020, yakasema hivyohivyo. Kama jirani alipewa kwa sababu ya huzuni, hilo ni suala jingine. Asiache ghafla bila daktari.

#32 Mama Kulwa
Asante. Kwa kweli huzuni anayo, anakaa dirishani tu.

#33 Pwani Raha
Assalam aleikum. Nyie mmeng'ang'ania mkono, ami yangu hapa Mombasa shida yake ni ulimi. Hawezi kusema "maji". Anataka maji, anasema "eee, eee", anakasirika mpaka machozi. Lakini akianzishiwa kaswida anaimba beti nzima, maneno yote, na hesabu anahesabu mpaka kumi. Watu wa nyumbani wengine wanasema anajifanya. Hili nalo mwalielewaje?

#34 Fizio wa Kilosa
Waaleikum salaam. Hajifanyi, waambie wamwache. Maneno yaliyokaririwa na yenye wimbo hayategemei upande wa kushoto wa ubongo peke yake namna maneno mapya yanavyoutegemea. Tangu 1973 kule Boston walitengeneza tiba juu ya hilo: sentensi fupi ya lazima inaimbwa kwa sauti mbili, juu na chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigongeshwa polepole, kisha wimbo unapunguzwa kidogo kidogo. Majibu ya utafiti yamechanganyika: sentensi zilizofanyiwa mazoezi zinatoka vizuri, mpya zinasumbua. Mjaribuni kwa sentensi anayoihitaji kweli, "nataka maji", si salamu.

#35 Pwani Raha
Tutajaribu. Ami mwenyewe alikuwa muimbaji wa maulidi, huenda ikamkubali.

#36 Mama Kulwa
Na yule jirani anakula nusu ya sahani. Upande wa kushoto wali unabaki, anasema ameshiba, ukiigeuza sahani anaendelea kula!

#37 Mjukuu wa Mangi
Haoni upande wa kushoto kama upo. Macho mazima, ubongo ndio umeacha kuuhesabu. Kaeni kushoto mnapoongea naye, na TV ihamie kushoto. Na asivuke barabara peke yake.

#38 Kitabu Wazi
Turudi kwenye mada, maana mtasema nimekuja kufunga milango tu. Mwaka 1959 profesa mmoja wa New York, Pedro Bach-y-Rita, alipata kiharusi kizito. Mwanawe George, ambaye hakuwa na ujuzi wowote wa tiba hii, alimchukua nyumbani akamfundisha kutambaa, bega dhaifu likiegemea ukuta. Majirani walilaumu, mzee wa heshima anatambazwa uani. Akatoka kutambaa hadi magoti, hadi kusimama, akaosha masufuria kwa mkono mbovu. Akarudi kufundisha. Miaka kadhaa baadaye akafa kwa moyo akipanda mlima Colombia. Ubongo ulipochunguzwa, jeraha lilikuwa palepale, kubwa, halijapona hata kidogo. Mwanawe mwingine, Paul, aliyekuwa mtafiti, aliingia kwenye utafiti wa ubongo kujipanga upya kwa nguvu zaidi kwa ajili ya hilo.

#39 Jaluo wa Milimani
Sasa si ndiyo tunayosema!

#40 Kitabu Wazi
Ni mtu mmoja. Waliotambazwa wasirudi hakuna aliyeandika habari zao.

#41 Shangazi Bungo
Ila kisa kizuri. Hicho nimekipenda.

#42 Kisiki cha Mvule
Nimesoma zote nikamsomea na mke wangu. Sasa nina mganga, glavu, roboti, kutambaa na kalenda mbili. Kwa mkono uliofumba, ambao hauruhusiwi glavu, mtu aanzie wapi?

#43 Fizio wa Kilosa
Kioo. Kakate kwa fundi vioo kipande cha futi moja na nusu, usage kingo. Kisimamishe mezani mbele yake katikati, mkono dhaifu uwe nyuma ya kioo, mzima mbele. Afungue na kufumba mzima huku anatazama kioo, na ule wa nyuma ajaribu kufuata. Anaona mikono miwili inafunguka. Ilianzia kwa waliokatwa viungo, 1999 ikajaribiwa kwa kiharusi, na leo tafiti zaidi ya 60 zikijumlishwa zinaonyesha inasaidia kwa kiasi. Nusu saa kwa siku inatosha kuanzia.

Pili, muulize daktari kuhusu sindano ya kulegeza misuli iliyokakamaa. Haimpi mkono wa kufanya kazi, ila kiganja kitafunguka, utamkata kucha na kumwosha bila vita.

Tatu, ampe huo mkono kazi ya kukandamiza: karatasi isiteleze, sahani isisogee anapokuna nazi. Vidole havihitajiki hapo.

#44 Mjukuu wa Mangi
Na ule mwayo, auige kwa makusudi huku akijaribu kufungua. Hakuna jaribio ninaloweza kukutajia, ni bure tu na haumizi.

#45 Jaluo wa Milimani
Na kwa wenye pesa kuna kifaa cha kupandikizwa kifuani, waya wake ukipanda shingoni, kinachochokoa mshipa wa fahamu uitwao vagasi kila mgonjwa anaporudia zoezi. 2021, watu 108, wote wamepita miezi tisa tangu kiharusi. Walioitikia ni asilimia 47 dhidi ya 24 ya ambao kifaa chao hakikuwashwa sawasawa. Marekani wamekiruhusu mwaka huohuo. Kitabu Wazi, miezi tisa hiyo.

#46 Kitabu Wazi
Naona. Kwa upasuaji wa shingo na mazoezi juu yake, mlango umefunguka kidogo. Haujafunguka wenyewe.

#47 Mama Kulwa
Nyie mnazungumza shingo zipasuliwe, sisi huku mtaalamu wa mazoezi ni mmoja hospitali nzima ya wilaya. Si familia ifundishwe tu ifanye yenyewe?

#48 Fizio wa Kilosa
India walijaribu hasa hilo. Hospitali 14, wagonjwa 1,250, ndugu mmoja akafundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. 2017 matokeo: baada ya miezi sita waliokufa au kubaki tegemezi ni asilimia 47 makundi yote mawili. Hakuna tofauti.

#49 Mama Kulwa
Sasa hilo kundi lingine, lililoachwa, nani aliwahudumia nyumbani? Si ndugu zao hao hao? Mlifananisha ndugu na ndugu.

#50 Chuma Ulete
Mama Kulwa apewe shahada.

#51 Fizio wa Kilosa
Hoja nzito, na wapo waliojibu hivyohivyo. Wengine wanasema wafundishaji walitumia saa chache mno. Wengine wanasema familia ikichoka haiwezi kuwa hospitali. Mimi nipo kati, inategemea siku utakayoniuliza.

#52 Dada wa Mbagala
Ndiyo nasema tangu #3. Baba alikuwa anachuliwa kila siku, mkono wake unatazamwa, unatajwa, anaambiwa "usukume". Nyie mnaona mafuta, mimi naona kwamba hatukuwahi kuusahau ule mkono. Hiyo si ndiyo ya Taub na kima wake?

#53 Mjukuu wa Mangi
Hapo umenipata. Taub angeweza kukubali. Nyonyo hapana.

#54 Msafiri wa Reli
Wakuu nimechelewa. Mzee wangu ana wiki tatu tangu kiharusi, bega la upande uliopooza linamuuma usiku halali. Ndugu wanamwinua kitandani kwa kumvuta huo mkono. Ni sawa?

#55 Fizio wa Kilosa
Waambie waache leo. Misuli iliyokuwa inashikilia bega imelegea, mkono unaning'inia kwa uzito wake, ukiuvuta unachomoka polepole na maumivu yatakaa miezi. Ashikwe mgongoni na kiunoni. Akikaa, mkono uwe juu ya mto au meza, usining'inie.

#56 Dada wa Mbagala
Na akilala upande mzima, mto mmoja mbele yake aukumbatie kwa huo mkono mbovu, wa pili katikati ya magoti. Baba ndivyo alivyoanza kulala. Kuchua bega hilo usichue kwanza, na mimi ndiye ninayesema.

#57 Kisiki cha Mvule
Kioo nimeshaagiza. Fundi anauliza ni cha kabati gani, nimemwambia cha mama mkwe.